Mishtuko Sita kwa Siku

Profesa alilifungua daftari juu ya meza ya daktari, akalinyoosha kwa kiganja kama anayepiga pasi shati la mtu mwingine. Tarehe, saa, sekunde. Kila mshtuko wa kifafa ulikuwa na mstari wake. Wauguzi wa kliniki ya utafiti ndio waliompachika jina hilo la Profesa. Yeye alikuwa fundi saa tu, lakini walisema hawajapata kuona mzazi mwenye daftari safi kiasi kile, wakamtania kwamba saa zikiisha mjini aje awafundishe kazi.

Siku hiyo hakuna aliyetania. Daktari alirudia utaratibu wa utafiti polepole, akimtazama zaidi mama, mke wa Profesa, aliyekuwa amempakata binti yao wa miaka sita. Ugonjwa wa mtoto ulitokana na kasoro katika vinasaba, nadra kiasi kwamba jina lake lilikuwa herufi na namba tu. Mwezi wa kwanza wa utafiti watoto hawakupewa dawa. Wazazi walihesabu mishtuko. Miezi mitatu iliyofuata watoto walipewa dawa, wazazi wakaendelea kuhesabu. Ambaye mishtuko yake haikupungua kwa theluthi, dawa ingesimamishwa na nafasi yake apewe mwingine.

"Kabla ya dawa, sita kwa siku," daktari alisema. "Sasa, sita kwa siku. Samahani, baba. Haijamsaidia."

Maneno yale yalimfikia Profesa kama yanatoka chumba cha pili. Moyo haukumwenda mbio. Alitazama ukucha wake wa kidole gumba, akaona una mafuta ya saa, akaukwangua. Alijua, na alidhani anajua peke yake, kwamba ile sita ya kwanza ilikuwa ya uongo.

Mwezi ule wa kwanza mtoto alishikwa mara kumi, kumi na moja kwa siku. Zote alizoziona alizihesabu. Lakini jioni, kalamu ikiwa mkononi, mkono uligoma. Akaandika saba, kesho yake sita. Mke wake alikuwa akilisoma daftari kila asubuhi akisubiri maji yachemke, na Profesa aliona si vibaya kumpunguzia mzigo. Dawa ilipoanza, mishtuko ikapungua kweli, na kwa furaha akaanza kuandika ilivyo. Kwamba siku moja miezi hiyo ingesimamishwa bega kwa bega ilinganishwe, hilo lilimpita kabisa, yeye ambaye hakosei hata nusu sekunde ya saa ya mteja.

Akasema yote. Alisema kwa sauti kavu, kama anayesoma barua ya jirani.

Daktari aliweka kalamu chini. "Ilikuwa mingapi?"

"Kumi. Siku nyingine kumi na moja."

"Jumanne ya pili, kumi na tatu," mama akasema bila kuinua macho. "Wewe ulikuwa kazini ilipomjia miwili."

Daktari hakufoka. Profesa angeona heri afokewe. Daktari alieleza tu kwamba kumbukumbu ya mama haiwezi kushika nafasi ya daftari, kwamba ataiandikia kamati ya utafiti mambo yalivyo, na kwamba huenda rekodi zote za mtoto zikafutwa. Jibu lingetoka baada ya wiki mbili. Dawa waliyopewa ilikuwa ya wiki mbili.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Alimuuliza mkewe alijua tangu lini, naye akamjibu tangu mwanzo.

"Mbona hukusema?"

Mama alimweka mtoto vizuri mapajani. "Siku ukiandika michache, angalau ulikuwa unakula."

Alijipapasa ndani atafute pa kuumia, asipapate. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima. Mfagiaji akaja na dekio lake, akaomba radhi, akaomba nafasi. Wakainua miguu, mume na mke, ili apitishe maji chini ya benchi.

Binti yao, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuiga jambo alilofanya mtu, akaitazama miguu yao. Kisha akainua yake.

Mfagiaji alikwisha kufika mwisho wa ukumbi, akakunja kona, na wao watatu bado miguu yao ilikuwa hewani.