Gunia Kati ya Wakwe

Nyumbani kwetu Bungoma kulikuwa na watu wawili wasioonana, Mama Nasambu na mkwe wake Wekoye, na mimi Agneta ndiye niliyekuwa njia kati yao. Kazi hiyo niliijua kuliko mtu yeyote. Mama Nasambu alikuwa mlezi wetu sisi wasichana tusio na pa kwenda shule zikifungwa, katika nyumba iliyojengwa na watu wa kanisa. Wekoye alikuwa amemwoa binti yake. Kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani ili mwenzake apite. Si ugomvi. Ndiyo heshima yenyewe.

Kila Jumamosi nilimpelekea Wekoye bakuli la kuku lililofunikwa, na bakuli lile halikurudi tupu hata siku moja. Wekoye alijifunza kuoka mikate jeshini, huko Burma, kwa hiyo lilirudi na mikate. Mama akishaonja alisema, "Mwambie mkwe wangu nimeshiba," nami niliyapeleka maneno hayo yangali moto.

Mwaka ule, vita vikiwa vimekwisha, akaja Misi Dinah kutoka Uskochi kujitolea. Hakulipwa hata senti. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimepigwa pasi. Tulimpenda siku ya kwanza. Desemba ilipoingia akasema Krismasi hii wasichana wataoka keki wenyewe, na wazee wa kanisa watakuja kuila. Akapanda lori hadi Kitale, akarudi na siagi, sukari na zabibu kavu. Zabibu zilianza kupungua kabla hazijafika jikoni, na hapo mimi simtaji mtu.

Tanuri tulijengewa na Wekoye nyuma ya jiko, kwa matofali na udongo wa kichuguu. Ili aweze kufanya kazi huku Mama akiwa jikoni, tulishona magunia ya mahindi, tukayatundika kwenye kamba, yakawa ukuta. Upande huu Mama alisimamia mayai na unga, upande ule Wekoye alisimamia moto, na mimi nilipita chini ya gunia kutwa nzima.

"Mwambie moto imekuwa kali," Mama anasema, na mkwe wake yuko pale pale, anamsikia.

"Mkwe, ati moto imekuwa kali."

"Sawa. Mwambie nitatoa kuni kidogo."

Misi Dinah alitutazama, akanivuta kando. "Kwa nini watu hawa wanachukiana?"

"Hawachukiani, Misi. Wanaheshimiana."

"Mtu unayemheshimu unamtazama machoni."

"Hiyo ni kwenu, Misi. Huku si hivyo."

Akatikisa kichwa. Wacera, msichana mwenzetu, alikuwa karibu, akiponda siagi na sukari kwa mwiko. Huyu Wacera alizaliwa shamba la mzungu nje ya Kitale, ambako baba yake Mkikuyu alikuwa kibarua, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Misi, na mama yako yeye huoka keki kama hii?"

"Ndiyo, huoka."

"Kumbe yuko hai?"

"Yuko hai," Misi akasema, akaanza kuhesabu mayai ambayo tulikuwa tumeshayahesabu.

Niliona jambo hilo, nikaliweka moyoni. Sisi pale tulizungumza habari za mama zetu asubuhi na jioni, hata waliokwisha kufa. Yeye mwenye mama mzima hakuwa na neno.

Siku moja kabla ya Krismasi Misi akanieleza mpango wake, macho yanamng'aa. "Kesho wazee wakishaketi nitayaondoa magunia. Mama Nasambu na Wekoye watashika kisu kimoja, watakata keki, watalishana. Krismasi ni siku ya kupatana." Nilimwomba asifanye hivyo. Akanipiga-piga begani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Alinisikiliza huku anafuta sufuria ambayo ilikuwa imekauka zamani.

"Mgeni siwezi kumkataa mbele ya watu," akasema. "Ametoka mbali na anatusaidia. Lakini nikikula mkononi mwa mkwe wangu, hapa nitabaki nikiangalia nani? Nitafunga mzigo niende kwa ndugu yangu huko Naitiri. Na sirudi, Agneta."

Niliogopa. Mama mmoja nilikuwa nimeshampoteza, na wa pili sikuwa tayari kumtoa kwa ajili ya keki. Lakini mimi si mtu wa kukaa sana na hofu. Baada ya muda iligeuka hasira, na hasira najua namna ya kuitumia.

Siku yenyewe keki ilitoka tanurini ikiwa na ufa katikati, kahawia, na harufu yake ikawafikia wazee kwenye mabenchi yao mbele ya nyumba. Mama alikuwa amesimama upande wake wa gunia, ameinamisha kichwa, na mzigo wake niliuona asubuhi umefungwa chini ya kitanda. Wekoye alikuwa upande wa pili akifagia majivu, hajui lolote. Misi akaja na kisu, akaushika ule mwisho wa kamba. Nikasimama mbele yake.

"Misi, wewe na mama yako mlionana lini?"

"Agneta, huu si wakati wake."

"Ndio wakati wake, Misi."

Alikitazama kisu. "Kabla ya vita. Tulikosana, nikaondoka nyumbani. Hatujazungumza tena."

"Hamzungumzi kwa heshima?"

"Hapana," akasema. "Kwa hasira."

"Basi hawa wawili hawaonani, lakini bakuli mimi nabeba kila Jumamosi. Mama anajua Wekoye amekula. Wekoye anajua Mama ni mzima. Wewe mama yako umemtumia nini?"

Nilisema kwa sauti ya chini ili wazee wasisikie, maana hata nikikasirika sikufunzwa kumwaibisha mgeni. Misi akaiachia kamba. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa aproni yenye unga, uso wote ukawa unga. Nilimhurumia, na bado sikujuta.

"Sijamtumia kitu," akasema.

Nyuma ya gunia ufagio ulikuwa umenyamaza. Wote wawili walikuwa wamesikia.

"Agneta," Mama akaita. "Mwambie mkwe wangu akate hiyo keki yeye. Na kipande kubwa kisiguswe. Iko na mama ya mtu anaingoja."

"Nimesikia," Wekoye akajibu kabla sijafungua mdomo. Ndiyo mara pekee aliyowahi kuninyang'anya kazi yangu.

Misi akainama na urefu wake wote, akapita chini ya gunia kama nipitavyo mimi, akampelekea kisu. Alirudi na kipande cha Mama Nasambu kwenye sahani, amekishika kwa mikono miwili. Wazee walipata vipande vyembamba mno, wakadhani ndivyo Wazungu wanavyokula keki, wakashukuru. Jioni Mama aliufungua mzigo wake, akazirudisha nguo sandukuni.

Kipande kikubwa tulikifunga kwa kitambaa, tukakitia kwenye mkebe wa biskuti, kikaondoka na gari la moshi kuifuata meli ya Uskochi. Misi aliniuliza aandike maneno gani ya kwenda nacho.

"Usiandike kitu," nikamwambia. "Chakula kikifika, mwenye kukipokea anajua."

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza mkebe uliporudi, ule ule, umebonyea pembeni. Misi aliuweka mezani asiweze kuufungua. Mama Nasambu akaacha kuchagua maharagwe, akasogea.

"Imerudi tupu?" akauliza.

Misi akauinua mpaka sikioni, akautikisa taratibu. Vitu vikagongana ndani. Akaketi pale pale sakafuni, mkebe kifuani.

"Si mtupu, Mama," akasema.