Mvua Kumi na Nane za Mwongeli

Jumanne ile Kanyiva alikuwa uani akipepeta ndengu, ungo magotini na makapi usoni, sub-chifu Kisilu alipotuma mtu kumwita ofisini. Hakuambiwa ni ya nini. Alijipangusa, akafunga leso, akaenda. Ofisi haiko mbali, ni ng'ambo tu ya korongo, upande wa barabara ya Kyuso. Na mwanamke wa umri wake akiitwa na serikali, huwa ni chakula cha msaada ama ni ushahidi wa mpaka wa shamba.

Nyuma ya ofisi walikuwa wamefungwa mbuzi watatu. Aliwaona vizuri. Akadhani ni mbuzi wa kesi, wameshikwa kwa mahindi ya mtu.

Ndani alimkuta mwanawe Nzau, amevaa koti na jua lile lote, na Mbithi, yule mwenye lori anayenunua ndengu huku na kuzipeleka Emali.

"Mama Nzau, karibu kiti," Kisilu alisema. "Cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wako Mwongeli kimeliwa na mchwa. Na wote wanasema hapa kwetu hakuna kichwa kinachoweka hesabu kama chako."

Ukitaka kumpata Kanyiva, sifu kichwa chake. Ukambani mwaka una mvua mbili, ya Machi na ya Oktoba, na yeye alihesabu umri kwa mvua, kama mamake na nyanyake. Tena si kila mvua. Mvua isiyoivisha hata debe moja haikuwa mvua, yalikuwa mawingu yamepita njia. Hiyo haikuhesabiwa, kwa mtu wala kwa ng'ombe.

"Mimi sikisii," alisema, akaanza kukunja vidole.

Mwongeli alikuwa ametimiza miaka kumi na minne mwezi huo huo. Mvua ishirini na nane. Kanyiva akatoa ile ya nzige. Akatoa tatu zilizofuatana, ambazo hata punda walikufa. Akatoa ile iliyoanza mtu akichimbiwa kaburi na kuisha kabla hajazikwa. Akatoa nyingine tano, kila moja na jina lake na ubaya wake, Mbithi akiitikia kwa kichwa, kwa subira, kama aliye kanisani.

"Kumi na nane," Kanyiva alisema. "Kamili."

"Kumi na nane," Kisilu alisema akiandika. Akamsogezea wino, Kanyiva akaweka kidole gumba.

Alikuwa katikati ya korongo, anarudi kwa ndengu zake, aliposikia mbuzi nyuma yake. Nzau alikuwa anawaswaga kuelekea nyumbani. Watatu. Kila mtu anajua maana ya mbuzi watatu. Ni ntheo. Wakishaingia kwa boma la baba, msichana ni mke wa mtu.

"Nzau, hao ni wa nani?"

"Ni wa Mwongeli, mama. Si umesema mwenyewe amefika?"

Kanyiva alikaa pale pale mchangani. Mbuzi walimpita, mmoja kushoto, wawili kulia, naye hakuinuka mpaka jua likafika utosini.

Jumamosi Mbithi alikuja na lori. Mchungaji aliuliza karatasi, akaisoma mbele na nyuma, akaiombea ndoa. Mwongeli aliacha sare yake ya gredi ya nane ikining'inia kwenye msumari, akasema asiiondoe mtu, akapanda kiti cha mbele.

Jumatatu Kanyiva aliamkia ofisini kwa Kisilu. Kwenye benchi la nje walikuwa wamekaa wasichana wanne, wote na uso wa Mwongeli, wamepangana kwa urefu kama masufuria dukani. Ilikuwa ile miaka minne ambayo haikutumika. Wa kumi na saba alikuwa amechomeka kalamu kwa nywele. Wa kumi na sita alikuwa na chunusi na alinuna. Wa kumi na tano aliimba chini chini. Wa kumi na nne alitafuna kucha, mkono wa kushoto, kama Mwongeli.

"Mmekula?" Kanyiva aliwauliza.

"Bado, susu," alijibu wa kumi na saba, kama mjukuu anavyomwita nyanyake. "Tumekuja kuulizia zamu yetu."

Kanyiva aliwaambia waingie naye. Kisilu aliwasalimia wote kwa mkono, akawaongezea viti viwili kutoka ofisi ya mifugo.

"Bwana Kisilu," Kanyiva alisema, "mimi nilihesabu mvua. Wewe uliandika miaka."

"Mama, fomu haina mahali pa mvua."

"Basi futa. Miaka yenyewe ndiyo hii, imekaa mbele yako."

"Nawaona. Sikatai." Kisilu aliwaangalia mmoja mmoja. "Nani kati yenu ana kitambulisho?"

Walitazamana.

"Wewe mkubwa, uko na ngapi?"

"Kumi na saba."

"Unaona, mama. Ni mtoto. Huyu siwezi kumwandikisha kiapo, sheria inamlinda. Na Mwongeli ni mtu mzima. Akitaka kufutiwa, aje mwenyewe."

"Mumewe ameshamkataza kutoka hata kwenda sokoni."

"Hayo sasa ni mambo ya watu wazima na nyumba yao." Akafunga faili polepole, si kwa ubaya. "Kuoza mtoto ni jela, mama. Sheria naijua. Ndiyo maana nilikuuliza kwanza."

Kanyiva akawachukua nyumbani. Nzau alikuta vikombe vitano vya uji mezani, akasema yeye ana binti mmoja na ameolewa, akaenda kuangalia mbuzi wake. Mwalimu mkuu alimpokea wa kumi na nne bila maswali, kwa kuwa jina lilikuwa bado kwenye rejista. Wale watatu aliwaambia wangoje. Majirani walizoea. Mmoja alileta blanketi. Wengine walisema Kanyiva ana bahati, jerikeni nne zinakwenda kisimani kwa safari moja.

Oktoba ya mwaka uliofuata lori lilisimama barabarani, Mwongeli akashuka na mtoto mgongoni. Mbithi alikuwa amempa ruhusa ya nusu saa. Hakuwa amerefuka hata kidogo. Angerefuka kwa miaka gani?

Wasichana wanne waliinuka kumpisha. "Karibu, mama," walisema, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimu mtu mzima. Wa kumi na tano akampokea mtoto.

Mwongeli alienda moja kwa moja kwenye msumari. Ilikuwa Jumamosi, sare ilikuwapo. Aliivaa sketi juu ya gauni lake, akafunga kifungo, kikafunga bila taabu. Akasimama hivyo katikati ya nyumba, mikono imelegea, wa kumi na nne akimtazama.

Mvua ikaanza kupiga mabati. Ilikuwa nzito na ya kutulia, ile ambayo Kanyiva alijua kwa sauti tu kwamba itaivisha.

"Hii ni ya ngapi kwangu, susu?" Mwongeli aliuliza.

Kanyiva alisikiliza. Namba ilikuja yenyewe, kama ilivyokuja siku zote. Akaficha kidole gumba ndani ya leso. Wino wake ulikuwa haujatoka kwa sabuni wala kwa jivu.

"Sijui," alisema.

Honi ililia mara mbili. Mwongeli aliivua sketi, akaikunja, kisha akaikunjua na kuitundika tena vile alivyoikuta, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka mvuani.