Nani Kachinja?

Elisante alisimama chini ya mti uliokwisha pukutisha majani, mkono wa kulia kauinua juu, kidole kikielekea vichakani alikoangukia kulungu. "Haya, Mwadini!" aliita. Kisha akasubiri. Mkono ulipoanza kumuuma ndipo alipokumbuka kwamba Mwadini alikwisha zikwa, na leo ilikuwa siku ya thelathini na nane.

Kwa misimu tisa ndivyo walivyowinda katika milima hii ya magharibi mwa Maryland. Elisante, Mmeru na Mlutheri asiyekosa ibada, alikuwa mpigaji. Mwadini wa Wete, mchinjaji. Mpigaji habanduki alipo. Huinua mkono ili mwenzake asipotee vichakani, awahi na kisu mnyama angali hai. Nyumbani watu wameishi hivyo miaka nenda miaka rudi, Mwislamu achinje, wote wale, na Marekani haikuwabadilisha.

Hata risasi zilikuwa za Mwadini. Kwenye karakana ya matairi alikofanya kazi, aliokota vile vipande vizito vinavyobanwa kwenye rimu kusawazisha gurudumu, akaviyeyusha nyuma ya nyumba na kumimina kwenye kalibu. Kila risasi aliikagua kwa miwani ya kusomea; yenye dosari ilirudi chunguni.

"Unamwandalia kulungu au bibi harusi?" Elisante alikuwa akimtania.

"Anayekufa ana haki ya kufa vizuri, bwana."

Msimu huu zilibaki saba. Elisante alikuwa amekumbuka kila kitu: kibali, fulana ya rangi ya chungwa, chupa ya chai, hata kisu. Mchinjaji alimsahau, kwa sababu mchinjaji hakuwahi kupangwa, alikuwepo tu. Sasa alimsogelea kulungu, akamkuta bado anahema. Akavuta wenzo wa bunduki yake kuukuu, risasi ya pili ikapanda, akammaliza asiteseke. "Samahani," alisema, na hakujua anamwomba nani.

Njia nzima ya kurudi Temple Hills nyama ile ilimkaa kichwani. Salme, mjane wa Mwadini, alimpigia simu wiki iliyopita: "Niletee nyama ya porini kwa hitima ya arobaini, shemeji. Ndiyo aliyoipenda." Na yeye akaahidi. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa fupi kweli: angesema tu kwamba msituni alimpata Mwislamu. Nani angejua? Salme yumo edani, wangeongea pazia likiwa katikati, hata uso wake asiuone.

Alichokiogopa hasa ni kufika mikono mitupu. Tangu Anna wake afariki na watoto wahamie Seattle, mlango ule ndio pekee aliougonga bila kupiga simu kwanza. Bila Mwadini, na bila nyama, yeye ni nani pale? Akafungua dirisha la gari ingawa nje kulikuwa na baridi kali.

Alasiri alibisha hodi. Mlango ukafunguka kidogo. Nyuma ya pazia akasikia kanga zikichakarika.

"Karibu, shemeji. Umepata?"

"Nimepata."

"Alhamdulillahi. Nani kachinja?"

Elisante aliangalia viatu vyake vilivyojaa matope.

"Hakuna, shemeji. Nimekuja kukwambia. Nilimwita Mwadini."

"Ulimwita vipi?"

"Kama siku zote. Nikainua mkono, nikamngoja."

"Ulimngoja sana?"

"Mpaka mkono ukaniuma."

Pazia lilitikisika. Salme alikohoa, akavuta pumzi, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini.

"Na mie kila asubuhi namtilia chai. Hata leo nimemtilia."

Mkono ukatokeza kando ya pazia, umeshika kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Elisante alikipokea kwa mikono miwili. Chai ilikuwa imepoa, ina sukari nyingi mno, vile alivyoipenda Mwadini. Aliinywa yote, amesimama hapohapo mlangoni.