Shali ya Immaculate

Ka! Ilikuwa sauti ndogo tu, ya kufuli la sanduku la bati likifungwa gizani, lakini Adero aliisikia mpaka kwa meno.

Stima ilikuwa imepotea tangu jioni, kama ilivyo kawaida ya mtaa wao wa Kitengela upepo ukivuma, na mume wake Obura alikuwa sebuleni akipanga vitu vya mtoto kwa mwanga wa simu. Alikuwa amekataa kusaidiwa. Soksi alizikunja mwenyewe, sabuni akaifunga na karatasi ya nailoni isije ikalowesha mashati. Yeye alipopelekwa bodingi akiwa mdogo hakuna mtu aliyemkunjia kitu, na hilo alikuwa amelisema mara moja tu, siku nyingi zilizopita.

Sydney, mtoto wao wa miaka saba, alikuwa bado amelala. Kukipambazuka angepelekwa shule ya bweni upande wa Kajiado. Adero alikuwa amejaribu kila neno alilokuwa nalo, la Kiswahili na la Dholuo, na hakuna lililoshika. Aliloweza ni moja tu: jana yake, Obura akiwa bafuni, alichomeka shali ya manjano chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi. Sasa kufuli lilikuwa limefungwa na hakukuwa na kelele. Hajaiona, Adero alijiambia, akashusha pumzi.

Shali ilikuwa ya Immaculate, dadake Sydney. Nimonia ilimchukua msimu wa baridi uliopita, kabla hajajua hata kukaa. Walimzika nyumbani kwa kina Obura, wakarudi, na Jumatatu Obura akaenda kazini. Hakuna aliyemwona akilia. Jina la mtoto likawa halitajwi tena ndani ya nyumba. Sydney aliambiwa, "Wewe ni mwanaume. Nyamaza, utamliza mama yako zaidi."

Akanyamaza, mpaka walipopata anime.

Wakati huo Adero alikuwa akienda masomo ya jioni, kumalizia sekondari aliyoiacha njiani alipopata mimba. Alipitia duka la movie, msichana wa pale akamwekea kwa flashi nyimbo za sifa za Obura na, kwa nafasi iliyobaki, katuni za Kijapani za mtoto, hizo anime.

Adero alikuwa na maoni yake juu ya hizo katuni, na hakuyaficha. Hakupenda vile wasichana wanachorwa na sketi fupi hata kwenye theluji. "Hao wachoraji hawana dada?" aliwahi kuuliza darasani, wenzake wakavunjika mbavu, mtu mzima na katuni! Lakini alipenda vile watu wa humo wanapika polepole, wanavua viatu mlangoni, wanakula kwanza kabla ya kuongea mambo magumu. Zaidi ya yote alipenda wavulana wa humo. Wanalia. Machozi yanatoka makubwa kama mayai ya kwale, kamasi inashuka, halafu wanajipangusa na kwenda kupigana, na hakuna mtu anawaambia wamekuwa wasichana.

Waliyoipenda wao wawili ilikuwa ya kijana mwenye nywele ndefu nyeupe. Dada yake anauawa mwanzoni kabisa. Kijana anavaa gauni la dada ili maadui wamfuate yeye, watu wa kijiji wapate kutoroka. Jioni moja Adero alirudi kutoka darasani akamkuta Sydney mbele ya TV, shali ya manjano kichwani, uso umelowa.

"Ninamlilia Imma kidogo tu," mtoto alisema haraka. "Halafu nitaacha."

"Lia," Adero alimwambia, akakaa sakafuni kando yake na mkoba bado begani. Tangu siku hiyo mtoto alianza kulala bila kushtuka.

Halafu ikafika zamu yao ya kukaribisha ushirika wa nyumbani. Kama ilivyo desturi, wenye nyumba huwasha nyimbo za sifa watu wakiingia. Sebule ilijaa, chai ikamiminwa, Obura akachomeka flashi, ile ile moja, akabonyeza bila kuangalia. Kijana wa nywele nyeupe akajaa kwenye kioo, ndani ya gauni, analia.

Kabla Obura hajapata rimoti, Sydney alisikia muziki wake akatoka chumbani mbio, shali kichwani. Alisimama mbele ya wageni wote. Maneno aliyajua.

"Dada, nisamehe," alisema, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Sikuwa hapo."

Mzee Muturi, kiongozi wa ushirika na ndiye mwenye ploti waliyopanga, aliinama mbele. "Huyo kwa TV ni kijana ama ni msichana?"

"Ni kijana," Sydney akajibu. "Amevaa gauni la dadake. Amekufa."

"Na wewe umevaa nini?"

"Ya dadangu."

Mama mmoja alicheka nyuma ya kikombe. "Ai, Baba Sydney! Kumbe bado uko na binti hapa!"

Wakacheka. Obura naye akacheka, mdomo peke yake. Akachomoa flashi, akampeleka mtoto chumbani kwa kumshika kola.

Wakiagana langoni, Muturi alimshika Obura bega. Alijua shule moja mbele ya Kajiado. "Huko, kijana wangu, hata mwenye amelegea anatoka mwanaume."

Usiku huo hakukuwa na kelele. Ingekuwa afadhali kelele.

"Alikuwa analilia Imma," Adero alisema. "Hukumsikia?"

"Nilisikia. Kila mtu alisikia."

"Nitaacha class, Baba Sydney. Nitakaa na yeye jioni."

"Class endelea nayo. Sijasema uache." Obura alikuwa akivua viatu, macho chini. "Mimi nilipelekwa nikiwa kama yeye. Nilikufa?"

Adero alimwangalia. "Sijui," alisema.

Basi siku chache baadaye ndipo kufuli lilipofungwa. Kulipopambazuka walipanda gari aliloazima Obura kwa mwenzake wa kazini, sanduku nyuma, godoro juu, wakapita Kisaju. Shuleni matroni, mama mnene wa Kimaasai, aliwapokea vizuri. "Sopa, kijana!" Sydney akamwangalia mama yake ili ajue la kujibu. Geti lilipofungwa alianza kulia kwa sauti. Matroni akawapungia mkono, "Nendeni tu. Hiyo ni ya siku za kwanza."

Siku ya wazazi kutembelea watoto ilipofika, Adero alikuwa amepika chapati na kuku tangu alfajiri. Kwa simu yake alikuwa amebeba sehemu ya mwisho ya ile anime, ambayo hawakuwahi kuimaliza.

Sydney alikuja akitembea. Hakukimbia. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kabisa, na madoa meupe ya choa juu yake. Alimpa baba yake mkono, kisha mama, kama mgeni.

"Ona nimekuja na nini," Adero alisema, akamwonyesha simu. "Tuone kama kijana wetu alirudi nyumbani."

Sydney hata hakuangalia. "Hiyo ni ya wasichana."

Adero alimgeukia Obura, akitarajia kuona furaha. Hakuiona. Obura alikuwa ameshika kipande cha chapati bila kukila. Aliuliza polepole, "Sydney. Ile shali mama yako aliweka chini ya blanketi. Bado uko nayo?"

Basi alikuwa ameiona, Adero alijiambia. Aliiona kwa mwanga wa simu, akapanga soksi juu yake, akafunga.

"Nilitupa kwa choo," Sydney alisema, akitafuna. "Walikuwa wananiita Mama Toto."

"Nani alikulazimisha?"

"Hakuna. Nilitupa mimi."

Obura aliweka chapati kwenye kifuniko cha hotpoti. "Imma," alisema, mara ya kwanza tangu wamzike, na jina hilo likatoka na kitu kilichokuwa nyuma yake. Mabega yakaanza kutikisika. Alilia pale kwenye benchi la shule, mwanaume mzima na koti la Jumapili, kamasi ikimshuka na hana mkono wa kuipangusa kwa sababu yote miwili ilikuwa imeshika uso. Familia zilizokaa karibu zikageuka kuangalia. Adero alimwekea mkono mgongoni.

Sydney aliacha kutafuna. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, kule kwenye tangi la maji walikosimama wavulana wakubwa. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni, vile walivyofundishwa kumjibu mwalimu, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Baba, hapa watu hawalii."