Jiko Chini ya Sanduku la Chatu

Mwanafatuma wa Mwabungu alikuwa mwoga wa vitu vingi, na hakuona haya kusema. Aliogopa kisima, aliogopa radi, aliogopa mbwa wa wazungu wa Diani, aliogopa hata miiba ya samaki, na vyote hivyo aliviogopa kwa ajili ya Biasha. Watoto wake wengine alikuwa amewazika. Biasha ndiye aliyebaki, msichana wa miaka kumi hivi, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa maneno, na mama yake hakuweza kumwona ameketi kimya bila kumgusa paji la uso kujua kama ana homa.

Basi fikiri mtu wa namna hiyo anapoletewa chatu nyumbani.

Aliyemleta ni Waziri, nduguye tumbo moja, boi wa mzungu mmoja mwanamke kule Diani ambaye watu walimwita Mama Miwani. Mama Miwani hakuwa na mume wala mtoto, alikuwa na chatu. Alimfuga ndani ya sanduku refu la mbao lenye wavu wa chuma mbele na sakafu ya bati, akampa jina la Mwinyi, asijue kwamba hilo ni jina la heshima za watu. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Mama Miwani akaenda Mombasa kutibiwa macho, huku nyuma nyumba yake ikavuja, mafundi wakapanda kuezua makuti. Mke wa Waziri aliposikia nyoka anahamia kwake, alifunga kitita chake akaenda kwao Jego, akasema atarudi siku nyoka atakapoondoka.

"Dada, nimebaki na wewe tu," Waziri alisema mlangoni, sanduku kichwani, maji yakimtiririka mpaka vidoleni.

"Mimi? Mimi ninayekimbia mjusi?"

"Hana sumu huyu."

"Hana sumu, ana meno. Nami nina mtoto, Waziri."

"Wavu huu hata panya hapiti. Dada yangu, nakuomba. Akimfia mikononi mwangu, Mama Miwani hatanitazama tena."

Ndugu ni ndugu. Sanduku likaingia chumba cha ndani, likawekwa juu ya kitanda cha kamba. Biasha akapiga magoti mbele ya wavu, akasema, "Shikamoo Mwinyi," akacheka peke yake. Mama yake akamvuta nyuma kwa kanga.

Waziri alikuwa na haraka ya kurudi kwa mafundi, akaeleza huku amesimama. Nyoka akipata baridi hulegea, hali chakula, mwisho hufa. Basi mvua ikinyesha, achemshiwe maji, yatiwe ndani ya ile chupa nene ya udongo aliyokuja nayo, chupa izungushiwe kitambaa, iwekwe nje ya wavu upande mmoja wa sanduku.

"Upande mmoja tu, dada. Umenisikia? Mmoja."

"Nimekusikia."

Alikuwa amesikia, lakini hakuelewa. Waziri alipokwisha kwenda, alibaki akijiuliza: ikiwa mnyama ana baridi, kwa nini apashwe kichwa, mkia uachwe? Aliona huo ni ubahili wa kizungu, wa kubania kuni.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuziba chumba. Nyumba yake ilikuwa kama nyumba zote za pale, ya fito na udongo, na kati ya kichwa cha ukuta na makuti palikuwa na mwanya wa kupitisha mkono, nyumba nzima ikizungukwa na upepo huko juu. Mwanafatuma aliutazama ule mwanya, akamwona moyoni mwake Mwinyi akipita, akimshukia Biasha usingizini. Akachukua magunia ya nazi, akayakata, akashindilia pande zote nne mpaka mwanga ukapotea. Kidirisha nacho akakijaza matambara. Mlangoni akatundika mkeka mzito. Alipomaliza, moyo wake ulitulia kidogo. Kumbe hapo ndipo alipokosea, naye aliona amelinda.

Mvua ikashika. Mwanafatuma akampa nyoka chupa yake, lakini akamwona bado amejikunja, mzito kama kamba iliyoloa. Akachukua blanketi, akaufungua wavu kidogo, akaingiza mkono upesi, akamfunika gubigubi. Baadaye akagusa kwa ncha ya kidole. Baridi! Akaongeza blanketi la pili. Baridi vilevile.

"Mama, labda hana moto wake mwenyewe," Biasha alisema. "Mimi ukinifunika, joto ni langu."

"Kila kiumbe kina moto wake. Nyamaza usuke ukili."

Lakini neno lile lilimkaa. Kiumbe gani kinafunikwa mablanketi mawili kikabaki baridi? Amekufa? Mbona ulimi unatoka?

Ndipo akaja Bi Mwanaima, jirani yake, mwanamke mzima anayewakanda wazazi wote wa mtaa wakijifungua. Alibisha hodi, akaingia akikung'uta matope, akasimama mbele ya sanduku, mikono kiunoni.

"Huyu ndiye Mwinyi? Ameamkaje leo? Amekunywa chai?"

"Usinicheke, Bi Mwanaima. Nimechanganyikiwa. Nampa joto halimwingii."

"Na wale wa msitu wa Shimba, wanawashiwa moto na nani?"

"Sijui! Mimi ninajua nini? Nimeambiwa akifa, ndugu yangu hana kazi."

Bi Mwanaima akafikiri, akasema kwa sauti yake ya kazi, "Mpe joto la uzazini. Mwanamke akiwa kwenye arobaini tunamfanyaje? Jiko la makaa chini ya kitanda, mlango tunashusha, joto linapanda taratibu mpaka kwenye mifupa. Na huyu si yuko juu ya kitanda tayari?"

Likamwingia vizuri kabisa. Yeye mwenyewe alilazwa hivyo kila alipojifungua, na mama yake kabla yake, na hakuna aliyedhurika. Hakukumbuka wakati ule, wala Bi Mwanaima hakukumbuka, kwamba nyumba za arobaini zina mwanya juu ya ukuta.

Akawasha jiko uani, kwa uangalifu wake wote. Hakuliingiza lina moshi, la! Alilipepea mpaka makaa yakawa mekundu yote, hayana hata uzi wa moshi, ndipo akalisukuma chini ya kitanda. Mama unayesoma haya, kumbuka hapo. Alingojea moshi uishe, akadhani ubaya umeishia na moshi.

"Biasha, keti humu na ukili wako, umtazame. Asitoke. Nawe usitoke mpaka nikuite."

"Naam, mama."

Siku ile ya kwanza Mwinyi alijikunjua, akapanda ukutani mwa sanduku, akabandika pua kwenye wavu, juu kabisa. Mwanafatuma akafurahi kwamba joto limemwingia. Lakini kila alipoingia humo kuongeza makaa, kichwa kilimgonga kama kinu. Akitoka uani, kinapoa. Akirudi, kinagonga.

"Mama, nami kichwa kinaniuma," Biasha alisema jioni. "Na tumbo linageuka."

Mama akamgusa paji la uso. Hakuna homa. Akamtazama nyoka. Nyoka alikuwa ameachama kinywa.

"Pumzi yake hiyo," Bi Mwanaima alisema aliposimuliwa. "Chatu huvuta mnyama kwa pumzi, hujasikia?"

Mwanafatuma alikuwa amesikia. Usiku ule Biasha akalala ukumbini kwa shangazi yake wa nyumba ya pili, akaamka mzima kabisa, akidai muhogo. Hilo nalo likamchanganya zaidi. Mchana humu aliugua, usiku kule yu mzima? Basi ni nyoka, hakuna jingine, kuwa naye chumba kimoja ndiko kunakomdhuru. Alitaka kumtuma mtu kwa Waziri aje achukue mzigo wake, lakini mvua ilikuwa inapiga vile, na njia ya Diani imekuwa mto. Akaamua kwa siku hiyo moja awe mwangalifu zaidi, maana nyoka naye hakuthubutu kumwacha bila wa kumtazama. Akafunika wavu kwa kanga kuukuu ili pumzi isimfikie mtoto, akaongeza magunia palipokuwa na nuru, akaongeza na makaa, kwa sababu asubuhi ile ilikuwa ya baridi.

"Keti mbali, karibu na mlango," alimwambia Biasha. "Usimtazame machoni."

"Umemfunika kanga, mama, nitayaonaje macho yake?"

"Usinijibu. Keti."

Akaenda uani kukuna nazi. Akawa anamwita kila mara, kama kawaida yake.

"Biasha!"

"Naam!"

Akakuna. Mvua ikagonga juu ya debe.

"Biasha!"

"Naam, mama." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyelala. Mwanafatuma akadhani amechoka na ukili.

Akachuja tui. Akaita tena. Hakuna jibu. Akaita kwa ukali, "Wewe Biasha!" Akaangusha kifumbu, akakimbia.

Biasha alikuwa amelala ubavu juu ya mkeka, ukili bado umo katikati ya vidole, midomo na mashavu yamekuwa mekundu kama aliyepakwa rangi. Macho yake yalikuwa nusu wazi, hayaoni kitu. Mwanafatuma alipiga ukelele, na akili yake yote ikaenda kwa nyoka. Amemuuma! Ametoka! Akaivua ile kanga kwenye wavu ili amwone yuko wapi.

Mwinyi alikuwa palepale. Alilala chali nusu mwili, kichwa kimeanguka pembeni, amelegea vilevile kama mtoto.

Mwanafatuma akasimama kati yao wawili, kichwa kinagonga. Kama nyoka ndiye aliyemfanya mtoto, nyoka naye amefanywa na nani? Alijua tu kwamba chumbani mna kitu, nacho si nyoka, na kinamshika na yeye sasa hivi. Akamkamata Biasha kwapani, akamburura juu ya mkeka, akauangusha ule mzito wa mlangoni, akapita ukumbini, akatoka naye mpaka katikati ya uwanja, mvua ikiwanyeshea wote wawili usoni.

"Jamani! Mwanangu! Mwanangu jamani!"

Watu wakaja. Bi Mwanaima alimchukua mtoto mapajani, akimpiga mashavu, akimsomea. Jirani mmoja, Mwinga, alipanda baiskeli yake akapotea kwenye matope kumfuata dresa wa zahanati. Mwanafatuma alishika mkono wa Biasha, akauona uzito wake, akaanza kuahidi vitu kwa Mungu bila mpango. Kisha kifua kile kikapanda kwa nguvu. Biasha akatapika, akalia, akasema, "Mama, maji yananiingia masikioni."

Hakuna neno tamu kuliko hilo lililowahi kusemwa Mwabungu.

Dresa alipofika, koti limemganda mwilini, alimsikiliza mtoto kifua, akaingia chumbani, akatoka upesi upesi. Akayang'oa magunia kwa mkono wake. "Makaa yana hewa yake," alisema. "Haionekani, hainuki. Nyumba ikiwa wazi huko juu, inakwenda zake. Mmeifungia. Ungechelewa kidogo tu, mama, ungemkosa."

"Lakini moshi sikuuona!"

"Ungeuona, mtoto angekohoa akatoka. Hii haimwambii mtu kitu."

"Na uzazini?" Bi Mwanaima aliuliza, sauti imekuwa ndogo. "Wazazi wangu wote nimewawekea jiko."

"Kwenye nyumba iliyozibwa?"

Bi Mwanaima akakaa chini kwenye tope.

Waziri alifika baada ya adhuhuri, amesikia njiani. Akaanza, "Na Mwinyi..." Mwanafatuma akamgeukia.

"Muulize mtoto kwanza! Mjomba gani wewe?"

Waziri akainama mbele ya Biasha, akamshika miguu, machozi yakamtoka. Baadaye ndipo sanduku likaletwa barazani. Upepo ulimrudishia nyoka uhai, lakini tumboni magamba yalikuwa yamebambuka, nyama nyeupe inaonekana, pale alipolala juu ya bati lililopashwa moto na jiko.

"Mbona hakuondoka?" Mwanafatuma aliuliza. "Anaungua, analala tu?"

"Aondoke aende wapi? Joto lilikuwa kote. Na chatu hajui kuungua kwa chini, anaungua huku anajinyoosha." Waziri akaijaza chupa maji moto, akaizungushia kitambaa, akaigusa kwa kiganja, akaiweka nje ya wavu, upande wa kichwani. "Wa msituni huota jua akitaka, akichoka huingia kivulini. Huyu tumemfunga. Ndiyo maana upande mmoja uachwe baridi, dada, achague mwenyewe."

Mwanafatuma alimtazama Mwinyi, akamtazama Biasha, akakumbuka, "Nawe usitoke mpaka nikuite." Alihisi kuna jambo hapo, lakini kichwa chake kilikuwa bado kizito, kila alipolishika lilimponyoka.

Dresa alikuwa ameagiza mtoto akae nje penye hewa, na asiachwe peke yake. Kama aruhusiwe kulala au asiruhusiwe, Mwanafatuma alisahau kuuliza, na dresa alikwisha kwenda. Akamkalisha barazani, amemviringisha kanga mbili. Mvua ikapungua. Biasha akaegemea nguzo, akafumba macho.

"Biasha!"

"Naam, mama."

Akamkaza kanga mabegani.

"Biasha!"

"Naam!"

"Biasha mwanangu!"

"Nipo, mama! Nipo! Utaniita mpaka lini? Huoni nataka kulala?"

Mwanafatuma aliisikia ile hasira, kali na nzima, akaona ameburudika. Akasogea karibu zaidi.

"Nijibu hivyo hivyo," alimwambia, akaita tena.