Anayeomba Kuunganishwa

Laptop ya Mitchell ilirudi kutoka kwa fundi Jumanne asubuhi ikiwa imepona maradhi yake yote, ila haikumjua mtu tena. Picha zilikuwa zimekwenda, kazi za chuo zimekwenda, na ilipofunguliwa pale mezani, katika nyumba yao ya kupanga nyuma ya Kamakis, huko Ruiru, ikauliza kwa adabu zote neno la siri la wifi ya nyumba. Nyumba ile ile ambayo laptop hiyo ilikuwa imeishi ndani yake kwa miaka.

"Mum, password ya wifi ni gani?" Mitchell aliuliza.

Nakhumicha alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua mboga ya mrenda. "Mimi nitajulia wapi?"

Alisema kweli. Neno lile aliliweka Lenny, kifungua mimba wake, siku watu wa intaneti walipokuja kuvuta waya. Lenny ndiye aliyekuwa mtu wa mashine katika familia. Alichukua simu ya kila mmoja, akaliandika mwenyewe, akawarudishia, na tangu siku hiyo hakuna aliyeulizwa chochote. Simu zikakumbuka, watu wakasahau. Ndivyo tulivyo siku hizi, tumevikabidhi vidubwasha vichwa vyetu, halafu tunashangaa vikitugeuka.

Simu ya Mitchell ilinyakuliwa kwenye stage ya matatu Ruiru wiki chache nyuma. Baba yake, Jeconia, ambaye wakati huo alikuwa kiwandani Thika kwenye shifti ya mchana, alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyojua wifi ni mnyama gani. Ilibaki simu ya Nakhumicha, kuukuu, kioo kimepasuka pembeni. Hiyo ilikuwa ikiingia kwenye wifi yenyewe bila kuulizwa, lakini neno haikukubali kulitoa, hata Mitchell alipoibonyeza kila mahali.

"Basi wacha ni-reset tu," Mitchell alisema. "Kuna katundu hapa nyuma ya router. Nafinya na pini, inakuwa mpya, tunaweka password ingine. Interview yangu ni saa tisa, mum. Ni ya video."

Nakhumicha aliacha mrenda. "Hiyo router usiiguse."

"Mum."

"Nimesema usiiguse. Simu ya Lenny itaingiaje?"

Mitchell aliondoa mkono kwenye ruta. Alikuwa anajua, na alikuwa amechoka kujua.

Lenny aliondoka Krismasi ya mwaka juzi. Alikuwa anasoma chuo, akikaa hosteli kule Kahawa Wendani, na karo ya muhula mzima aliinunulia iPhone, moja ya zile zilizotumika ng'ambo zikaletwa kuuzwa huku. Mambo yalipojulikana, Jeconia hakumpiga. Alisimama mlangoni akamwambia, "Usiwahi kubisha gate yangu tena." Yalikuwa maneno ya hasira, ya mzee aliyeinamia mashine miaka yote mtoto asome, na kesho yake alitamani kuyameza. Lakini Lenny alikuwa mtoto wa kuambiwa jambo mara moja. Ukimwambia usile, halii wala hali. Alichukua begi lake, na tangu siku hiyo hakuonekana hosteli, hakuonekana kwa marafiki, na simu yake haikupatikana.

Kwa hiyo Nakhumicha alikuwa na hakika ya jambo moja. Mwanawe akirudi, hatabisha. Atasimama nje ya gate kama nguzo, siku nzima ikibidi. Lakini simu yake ilikuwa inaijua nyumba. Akifika pale nje itaingia kwenye wifi yenyewe, na zile meseji ambazo mama yake alimwandikia kila uchao zitamfikia, atajua anangojewa. Kila siku alimwandikia, na kila siku ikawa tiki moja tu, ya kijivu, maana yake imetoka lakini haijafika. Mitchell alikuwa amemweleza kwamba meseji isiyopokelewa kwa mwezi mzima hutupwa na wenye mtandao. Nakhumicha aliendelea kuandika.

"Mum," Mitchell alisema polepole, "si tulimzika Jumamosi?"

"Tulizika mgomba."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Shemeji yake mkubwa, Mzee Kisiangani wa kule Bungoma, alikuwa ameshikilia kwamba kijana hawezi kuendelea kuelea hewani, si hai si maiti, akiwafungia ndugu zake njia. Mtu akipotea na mwili usionekane, hukatwa mgomba ukazikwa mahali pake. Basi ukakatwa. Wakauvika shati la Lenny, wakaulaza kwenye sanduku, mchungaji akaomba, watu wakala wali. Baada ya kaburi kufukiwa, Kisiangani akamvuta Nakhumicha kando akampa masharti. Aliyezikwa hivyo akija kuonekana, jina lake lisiitwe. Asifunguliwe gate. Asipewe kitu, hata maji, mpaka kondoo achinjwe nyuma ya nyumba na wazee wamtazame. "Kwa sababu mwenye kurudi baada ya kuzikwa," alisema, "huwezi kujua ni nani."

Mitchell hakugombana. Alijaribu kubahatisha. Akaandika jina la mbwa waliyekuwa naye, akaandika mwaka wa kuzaliwa kwa Lenny, akaandika jina la timu yake. Laptop ikakataa yote. Saa saba ikapita. Mwishowe akafunika uso kwa viganja, akasema kwa sauti ndogo, "Mum, na mimi pia ni mtoto wako."

Hapo Nakhumicha aliishiwa nguvu. Alichomoa pini kwenye leso yake, akampa. Mitchell akafinya, taa za ruta zikazimika zote, na ile alama ndogo ya wifi kwenye simu ya mama ikatoweka. Ilimuuma kama mtu aliyefunga mlango huku akisikia nyayo zinakuja. Mitchell akachagua neno jipya, namba ya nyumba na jina la ploti, akaliandika kwenye laptop, akaliandika na kwenye simu ya mama yake. Laptop ikafurahi. Alipoingia kwenye akaunti yake, majina ya watu wake yakaanza kurudi moja moja kutoka huko yanakohifadhiwa. La Lenny nalo likarudi. Mitchell aliliona, akaliacha.

"Haki asante, mum. Wacha nioge haraka nijitengeneze."

Maji yakaanza kumwagika bafuni. Upepo wa mchana ulikuwa unapeperusha vumbi la barabara ya bypass, na mahali fulani mtu alikuwa anakatakata nyama kwa shoka, ko, ko, ko. Nakhumicha aliinuka kupeleka mrenda jikoni. Alipopita karibu na meza, kidirisha kikaibuka kwenye laptop.

Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini Kiingereza cha kutosha alikuwa nacho. Kilisema Lenny anataka kujiunga na wifi hii. Je, apewe neno la siri? Chini yake vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa.

Mrenda ulimtoka mkononi ukatapakaa sakafuni. Aliyasoma yale maandishi tena na tena, akidhani macho yamemdanganya, na macho hayakuwa yamemdanganya.

"Mitchell!"

"Eeh?"

"Hii kitu ikiuliza kama mtu apewe password, inamaanisha nini?"

"Ni mtu ako na iPhone, hii laptop ni ya kampuni hiyo hiyo, na niko na yeye kwa contacts. Mpatie tu."

"Huyo mtu anakuwa wapi?"

"Anakuwa karibu, mum. Kama hapo kwa gate hivi. Kwani ni nani?"

Nakhumicha alikwenda dirishani akasogeza pazia kwa kidole kimoja. Gate lao lilikuwa la mabati mazito, limefungwa kufuli, na chini yake paliachwa nafasi ya kupitisha maji ya mvua. Jua lilikuwa upande wa barabarani. Katika ile nafasi mwanga ulikuwa umekatika mahali pawili, sambamba, pale ambapo miguu ya mtu ingekuwa.

Hakuna aliyebisha.

Nakhumicha aliliachia pazia. Alimwogopa. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakulificha jambo hilo: alimwogopa mtoto wa tumbo lake. Aliliona lile sanduku likishushwa, lile shati, akasikia sauti ya Kisiangani ikisema huwezi kujua ni nani. Neno la siri lilikuwa jipya, halina saa moja duniani. Simu yoyote nyingine iliyokosa njia ingejiendea zake, lakini hii ilikuwa imesimama nje inaomba.

Kidirisha kilikuwa bado kinangoja. Mgomba haujui kuomba wifi, alijiambia. Na kama si mgomba, na kama si Lenny, basi huyo mwenye kuomba alikuwa na adabu ya Lenny, maana hakubisha. Wele, alisema, Mungu wangu, mimi ni mama. Akabonyeza cha kukubali.

Kidirisha kikafungika. Nakhumicha akaichukua simu yake kwa mikono miwili na kufungua mahali alipokuwa akimwandikia mwanawe. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha ile ya leo asubuhi, *Umeamkaje, baba*, ikapata tiki ya pili. Na ya jana. Akapandisha juu kwa kidole, na zilikuwa zikibadilika mbele ya macho yake, za mwezi uliopita, za Pasaka, za mwaka jana, hata zile ambazo Mitchell alisema zilishatupwa. Zilikuwa zimewekwa mahali fulani. Zote zilifika, mpaka ile ya kwanza kabisa ya siku ya pili ya Krismasi, *Lenny uko wapi, rudi, baba yako hakumaanisha*. Nakhumicha alicheka kwa sauti na machozi yakamtoka kwa pamoja.

Halafu ile ya kwanza ikageuka buluu. Inasomwa.

Ikageuka ya pili. Kwa kawaida mtu akifungua, zote hubadilika kwa mpigo mmoja. Hizi zilikwenda moja baada ya moja, zikishuka, kwa mwendo wa mtu anayesoma bila haraka na asiyeruka neno.

Ndipo Nakhumicha akakumbuka ya Jumamosi.

Kule kaburini mama ndiye humuaga mwanawe, na Kisiangani alikuwa amemfundisha maneno. Mdomo wake ulikataa kufunguka mbele ya watu, wakadhani ni kilio, wakamwondoa. Lakini jioni hiyo, akiwa peke yake nyuma ya jiko, kwa kuwa wazee walikuwa wamesisitiza kwamba bila maneno hayo kazi yote ni bure, aliyaandika kwenye simu na kuyatuma mahali alipozoea kutuma kila kitu. *Lenny, leo tumekuzika. Nenda kwa amani. Usirudi tena hapa kwetu.*

Aliitafuta haraka, akaibonyeza aifute. Simu ikamwambia muda umepita, anaweza kuifuta kwake tu, kwa mwenzake itabaki. Juu yake buluu ilikuwa imeshafika mwaka huu. Imefika Pasaka.

"Lenny!" Alilitaja jina, kwa sauti yote, dirishani. "Lenny, usisome ya mwisho! Wacha kusoma, ingia!"

"Mum?" Maji yakakatika bafuni. "Mum, ni nini?"

Alikuwa ameshatoka, bila viatu, anakimbia uani huku akiandika kwa kidole gumba, *Ingia mwanangu gate iko wazi*, na gate halikuwa wazi, na ufunguo wa kufuli ukagoma, na ulipokubali akalisukuma lile bati kwa bega lake. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Ng'ambo, Gathoni wa mboga alikuwa amekaa chini ya mwavuli wake, mkono shavuni.

"Alienda wapi?" Nakhumicha alimpigia kelele. "Gathoni, aliyekuwa amesimama hapa ameenda wapi?"

Gathoni alimtazama, akaitazama miguu yake mitupu. "Nani, Mama Lenny? Mimi niko hapa tangu asubuhi. Hakuna mtu amesimama hapo."

Simu ikalia mkononi mwake. Ile ya Jumamosi ilikuwa ya buluu. Kulikuwa na jibu, la kwanza tangu mwaka juzi.

*Sawa mum.*

Akaangalia ile aliyoiandika akikimbia. Akasimama pale katikati ya barabara akiingoja, Mitchell akamfuata na taulo na kumshika bega, Gathoni akainuka kwenye kiti chake. Ilikuwa na tiki moja.