Kiyoyozi na Mawe ya Heche

Mwanangu Heche alijenga hapa Kerende mwaka ule dhahabu ilipompenda. Alipaua kwa bati za rangi, akaweka marumaru sebuleni, na chumbani kwake akafunga kiyoyozi. Ndugu zangu wa Nyanungu walikuja kukitazama. Mjomba wangu alikaa chini yake na blanketi mabegani, akasema sasa hata Ulaya ameiona.

Siku zile kilikuwa kitu cha kujivunia tu. Baadaye kikawa dawa. Heche alianza kukohoa wakati wa masika, na mvua za vuli zilipofika alikuwa hawezi kutembea mpaka getini. Daktari alisema vumbi la mawe limeganda mapafuni na haliondoki. Tulichoweza ni kukitunza kilichobaki: asikae kwenye joto, asikae kwenye vumbi. Na jua la Januari likizipiga bati zetu, hata mzima huitafuta pumzi. Kwa hiyo Desemba, kabla jua halijawa kali, nikamwita Swaleh, fundi wa friji na viyoyozi kutoka Tarime mjini.

Alifika na pikipiki yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mura. Karibu."

"Mimi si kijana wa Kikurya wa kuitwa mura, bibi. Babu yangu alitoka Tanga na cherehani yake."

"Umezaliwa Tarime, umekula ugali wa Tarime. Wewe ni mura. Ingia."

Heche alikuwa ameegemea mito. Ukutani, kuanzia miguuni pa kitanda mpaka dirishani, vilipangwa viroba vya mawe. Yalikuwa mawe ya duara lake la mwisho, shimo aliloshuka kabla kifua hakijamkataa. Huku kwetu mchimbaji hulala na mawe yake, kwa kuwa mawe yakilala nje asubuhi huyakuti. Lakini wenzake huyapeleka haraka karashani, kwenye mashine ya kuyasaga. Heche alikataa. Alisema atayapeleka mwenyewe, asimame pale mashine ikisaga, aone kwa macho yake. Mawe yakiwa pale, alikuwa mchimbaji aliyepumzika. Hakuwa mgonjwa.

Swaleh alifungua uso wa kiyoyozi, akatoa chujio. Lilikuwa limevaa vumbi la kijivu, zito kama manyoya. Alilisafisha ndani ya beseni, maji yakawa kama uji. Irine, mke wa Heche, akalishika beseni akamwage.

"Usimwage," Heche alisema. "Niletee karai."

Irine alinitazama. Mimi nikatazama chini. Akaleta karai, akamimina humo yale maji.

Heche akajiinua, akaanza kulizungusha polepole, kama wafanyavyo watafuta dhahabu ukingoni mwa mto. Anatikisa, anamwaga kidogo, anatikisa tena. Mikono haikuwa imesahau kitu. Kifua ndicho kilichobaki nyuma. Chini kikabaki kichanga cheusi, na pembeni yake mstari wa njano, mwembamba kama unywele wa kope.

"Mama, ipo," akasema, akatabasamu.

Ndipo kikohozi kilipomkamata. Karai likapinduka, kile kichanga kikamwagika juu ya blanketi. Irine alimshika mabega mpaka kikapita.

Swaleh alisubiri. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kaka Heche, hii mashine haivuti hewa ya nje. Inavuta hewa ya humu humu, inaipoza, inakurudishia. Viroba vikibaki nimeosha bure. Itakuwa inakupulizia mawe yako usoni."

"Vinabaki."

"Baba Boke, tuvipeleke stoo tu," Irine akamwambia mumewe. "Ufunguo utakaa nao wewe."

"Leo stoo, kesho karasha. Nikiinuka nitakuta unga."

Swaleh akarudisha chujio, akafunga uso wa kiyoyozi, akatoka kwenda kuosha ile sehemu ya nje ya mashine.

Mimi nikakaa pembeni ya kitanda. Heche alipokuwa mdogo na akikataa dawa, nilikuwa namtegea vitendawili. Aliyeshindwa hutoa mji, ndiyo sheria. Alinipa miji mingi yule mtoto.

"Kitendawili," nikasema.

"Mama, mimi ni mtu mzima."

"Kitendawili."

Akashusha pumzi. "Tega."

"Nina wawili, wanalala chumba kimoja, wanavuta vumbi lile lile. Mmoja leo nimemfungua kifua, nimemwosha, nimemfunga. Wa pili sina wa kumfungua."

Irine akageukia ukuta. Heche alikitazama kiyoyozi, akavitazama viroba. Alilijua jibu. Mimi ndiye niliyemzaa, nalijua jicho lake likishajua.

"Nimeshindwa," akasema. "Nakupa mji. Chukua Musoma."

"Musoma ulishanipa."

"Mwanza."

"Mwanza ulinipa ulipougua surua. Nipe chumba hiki."

Heche alipitisha kiganja juu ya blanketi, pale kichanga kilipomwagika, akakipangusa kikaanguka sakafuni.

"Chukua, mama."

Nilimfunika uso kwa kitenge kilicholoweshwa maji, nikaacha macho. Irine akavinyunyizia viroba maji vumbi lisiinuke, kisha yeye na Swaleh, aliyekuwa amemaliza kule nje, wakavikokota hadi stoo kimoja kimoja. Heche alivisindikiza kwa macho kama mtu anayeaga wageni. Cha mwisho alisema wakisimamishe. Alikiwekea mkono juu, akakaa hivyo kidogo, kisha akautoa.

Tulipiga deki kwa tambara la maji. Swaleh akafunga dirisha, akabonyeza rimoti. Hewa ikashuka baridi, na kwa mara ya kwanza haikuwa na harufu ya shimo. Heche alifumba macho. Kifua kilipanda kwa taabu, kikashuka kwa taabu, lakini hakukohoa.

Sheria ya vitendawili ni kwamba ukishapewa mji, unatoa jibu. Mimi nilikaa pale nimeushika mkono wake mpaka jua likapungua, na jibu sikulitoa. Naye hakunidai.